CV ya Muntu wa Bunga

Siku yenye patron alifunga depo, mi nilikuwa ndani, niko nakunywa chai. Alizima taa, akaona kikombe, kisha akaniona na mimi.

"We uko tu hapa?"

"Patron, niko ku kazi."

"Kazi iliisha. Maliza chai."

Nikaimaliza. Ilikuwa moto ya kuchoma, lakini ulimi haikusikia kitu. Nilibakia vile karibu mwezi muzima: nakula sisikie, nachekesha bantu sicheke, nalala na kuamuka sawa radio yenye hakuna muntu anaiskiliza.

Patron alikuwaka muntu wa Kivu ya kaskazini, mukristu wa sala mingi na maneno kidogo. Alikuya Lubumbashi angali kijana, akaanza na kamyo ya kukodi, akafika ku depo yake mwenyewe: bunga, sukari, mafuta, byote bilikuwa binapitia Mokambo, ku mupaka, penye bantu ba ngambo banasema Kingereza. Mwaka ile vita ya kule kwao ikakamata muji yenye bibi yake na batoto balikuwa balienda kuona bazazi. Banki za kule zikafungwa, ndege zikaacha kushuka, telefone ya bibi ikanyamaza. Huku kwetu hakuna mwenye alisikia risasi. Soko ilikuwa wazi, bantu banabishana bei ya makala sawa kila siku. Lakini ile muji ilianguka ndani ya biro yetu. Patron akatukusanya, akasema: "Naenda kutafuta bantu yangu. Mungoje." Akaenda. Kisha telefone yake na yeye ikanyamaza.

Basi tukangoja. Kungoja njo kazi yenye niliifanya muzuri kuliko zote mu maisha yangu.

Niseme mi nilikuwa nani pale ku depo. Masomo yangu ilifika mwaka ya tano ya humanités, ni kusema sekondari; ya sita ilinikimbia, ao mi njo niliikimbia, hatukuonanaka tena. Nilianza kubeba mifuko. Mugongo ikakataa. Juu ya vile nilikuwa najua kutengeneza matelefone ya bantu, patron akasema nikae mu biro nimufanyie application ya telefone, bamama wauzaji balombe bunga bila kumuita kila dakika. Mi nikasema ndiyo, sawa muntu mwenye anajua. Nilijifunza mu telefone yangu mwenyewe, kwa kioo yenye ilipasuka pale pale penye button ya kutuma.

Sasa depo imefungwa, na yaya yangu, dada mukubwa, iko nangoja. Yaya anaikala Hewa Bora, mu parcelle ya famili. Sisi ni bakatoliki ba kaskazini ya Katanga, babu alitumika ku reli, na mu famili yetu muntu bila kazi ni sawa muntu bila suruali: bote banaona, na bote bako na mashauri. Dimanche moja nyuma ya misa, yaya akaniita, bwana yake ameikala pembeni.

"Mwezi ikiisha haujapata kitu, unaenda na shemeji yako ku carrière," akasema.

Shemeji ni creuseur. Anaingia mu mashimo ya kuchimba mawe ya shaba, anatoka mangaribi mwekundu sawa tofali.

"Yaya, niko natafuta kazi. Natengeneza CV."

"Shemeji yako alichimbaka bila CV. Shimo haikumulomba kitu."

Shemeji alisimama. Alienda ndani, akarudia na mabuti ya kaucho, akayaweka karibu na mulango. Yalikuwa makubwa kuliko miguu yangu.

"Ya nani?" nikauliza.

"Mwenyewe hana lazima nayo tena," shemeji akasema, polepole.

Mwezi yenye ilipita, udongo ilikuwa ilianguka ku shimo ingine kule. Sikuuliza zaidi. Niliingiza muguu, nikacheza na vidole ndani. Kulikuwa fasi ya kupangisha famili nzima. Nikasema hivyo, yaya akacheka. Mi sikusikia kitu, hata woga. Nilijua tu kama ile mabuti yalikuwa yananingoja mimi, sawa vile mi nilikuwa nangoja patron.

Mwenye aliniletea habari ya kazi ni caissière wetu wa depo, mwenye alikuwa anapokea feza. Yeye ni mutoto wa dada ya patron, ulimi yake iko sawa wembe. Alinitumia tangazo ku WhatsApp: kampuni moja mu ville, yenye inatengeneza application ya usafiri, inatafuta UX designer.

Nikamuita. "Hii ni nini, UX?"

"Ni muntu mwenye anaangalia vile bantu banateseka na telefone, kisha anapunguza mateso. Njo kazi yenye ulikuwa unafanya."

"Mi nilizani nilikuwa muntu wa bunga."

"Na bunga pia. Tuma CV."

Nikaenda ku bureautique moja karibu na soko, penye banaandikia bantu makaratasi. Muntu wa mashini alinikaribisha muzuri, akafungua CV ya mukliya mwenye alipita mbele yangu, akaanza kufuta na kuandika juu yake. Njo vile banafanya bote, inaendaka mbio. Jina, post-nom, jina ya baba, jina ya mama, territoire, kijiji, taille ni kusema urefu ya mwili, état civil, dini.

"Kompyuta unaijua?"

"Kidogo."

Akaandika: maîtrise parfaite, ni kusema naijua yote.

"Kingereza?"

"Nilishafika Mokambo."

Akaandika: bien, ni kusema muzuri.

"Unapenda nini?"

"Kulala."

Akaandika: lecture, ni kusema kusoma vitabu, musique, football. Pale chini akaweka maneno ya kuapa kwa heshima yangu yote kama hii yote ni kweli. Nikasaini. Heshima yangu haikusema kitu, na yeye ilikuwa imelala.

Tangazo ilisema batume ku email. Lakini mu famili yetu kitu chenye hakina cachet, ule muhuri ya biro, hakikufika. Nikanunua farde ya kuwekea makaratasi, nikaweka CV, photo, kopi ya diplôme yenye sina, ni kusema bulletin ya pointi za ya tano, na karatasi ya batisimu, nikavaa shati ya misa, nikaenda mwenyewe ku mulango ya ile kampuni. Sentinelle, mulinzi wa mulango, aliangalia farde, akaniangalia na mimi.

"Papa, balisema email."

"Nipatie tu accusé de réception, karatasi ya kuonesha ulipokea."

"Cachet sina."

"Saini basi."

Akasaini jina yake pale juu ya kopi yangu, kwa bic ya wino nyekundu, akaweka farde mu carton. Ndani kulikuwa mafarde ingine mingi, yote na shati yao ya misa. Nilirudia nyumbani na ile saini, nikamuonesha yaya, akafurahi sana.

Caissière alilomba kuona kopi. Tulikutana mbele ya depo, penye kufuli. Tulikuwa tungali tunafikaka pale kila asubui, sijue juu ya nini, sawa kuku zenye zinarudia ku kisanduku hata kama balikiondoa. Alisoma, akafika katikati, akarudia kusoma musitari moja.

"We ulizalishaka bamama wapi?"

"Namna gani?"

Akanionesha. Muntu wa mashini alisahau kufuta. Mu expérience yangu mulibakia kazi ya mukliya wa mbele: stage ku maternité, usaidizi wa kuzalisha.

"Mu Katuba," nikamwambia. "Bote balitoka bazima."

Alicheka mpaka akashika kufuli. Mi nilimuangalia tu akicheka. Mabuti yalikuwa mu kichwa yangu, makubwa, karibu na mulango.

Akapangusa macho. "Sasa unisikilize. Unakumbuka mama wa Katuba?"

Nilikumbuka. Application yangu ya kwanza ilikuwa mubaya kabisa. Niliandika majina ya bunga yote, moja chini ya ingine, sawa vile yalikuwa ku facture, karatasi ya bei. Bamama balifinya fasi yote, bunga yenye habakulomba ikafika, patron akatukanwa ku telefone kutoka asubui. Akanituma: "Wende ukaone banafanya nini." Nikaenda kwa mama mumoja mwenye anauzisha bunga mu mutaa ya Katuba, nikageuza ndoo, nikaikala. Nikamwambia alombe bunga, mi nitanyamaza. Kunyamaza ilinitesa kuliko kubeba mifuko. Alipandisha, akateremusha, kidole hewani.

"Iko wapi ya njiwa?" akauliza.

Hakukuwa bunga yenye jina yake njiwa. Lakini ku mufuko moja balichora njiwa. Ingine ilikuwa na jogoo, ingine mwanamuke na kitambaa ku kichwa. Hakuna muntu mu Katuba yote mwenye anatajaka jina ya mashini yenye ilisaga. Banasema ya njiwa, ya jogoo, ya mama. Basi nikapiga mifuko photo, nikaondoa majina.

Kisha kukabakia mambo ingine. Alikuwa anafinya muzuri, telefone inamwambia imekubali, na yeye anamuita patron palepale. Kila mara.

"Mama, juu ya nini unamuita? Imekwisha kukubali."

"Nani alikubali? Sikusikia muntu."

Nikarudia ku depo, nikalomba caissière aseme maneno mu telefone, nikayakamata. Kutoka siku ile, mama akifinya, sauti ya caissière inatoka: "Mama, nimekusikia. Kamyo inakuya kesho." Bamama bakaacha kuita. Bengine balikuwa banamujibu: "Asante, binti."

"Njo hiyo," caissière akaniambia pale ku kufuli. "Njo hiyo utaandika. Mwenye atasoma CV yako ni sawa ule mama wa Katuba. Iko nachoka, iko na makaratasi mingi, na anatafuta njiwa. We unamupatia jina ya baba yako."

"Baba yangu alikuwa muntu muzuri."

"Najua. Hapa hakuna mwenye anatafuta baba."

Ile maneno ilinikaa. Nikaondoa kwanza ile mambo ya kuzalisha, nikaenda Katuba na CV yangu, kwa mama yule yule. Tangu depo ilifungwa alikuwa anauzisha makala mu bilundo. Alinikaribisha, akauliza habari ya patron, nikasema hatujue. Akapangusa mikono, akakamata karatasi. Mi nikageuza ndoo, nikanyamaza.

Kidole yake nyeusi ilipita juu ya jina, juu ya baba, juu ya mama, juu ya territoire, ikaacha njia ya makala fasi yote. Ikasimama ku taille.

"Hii ya nini? Banataka kukushonea nguo?"

Sikujibu. Akaendelea. Akageuza karatasi, akaangalia nyuma, akarudia mbele.

"Na sauti?"

"Sauti gani?"

"Ya ule binti. Na njiwa. Hii yote unaandika, njiwa haiko. Mi sijue huyu muntu ni nani," akasema, anafinya jina yangu na kidole ya makala. "Ule mwenye aliikalaka pale ku ndoo, nilimujua."

Nikarudia nyumbani na ile karatasi. Mahali yenye kidole ilipita mbio kulikuwa musitari wa makala. Mahali yenye ilisimama kulikuwa doa kubwa. Sikulomba mwalimu mwingine. Yenye ilipitwa mbio, nikaikata. Baba, mama, kijiji, taille, dini, kuapa, yote ikaenda. Ilinishangaza vile nilikuwa mufupi.

Pale juu kabisa nikaandika kwa maneno mepesi: ninaikala na bantu, ninaangalia vile banatumikisha telefone, ninabadilisha yenye inabatesa. Chini yake nikaweka kazi ya depo, lakini sikuandika "responsable", mukubwa wa kazi, wala nini. Niliandika hadisi ya njiwa: bantu baliteseka na nini, niliona nini nikiikala pale, nilibadilisha nini, nyuma yake kulitokea nini. Kisha hadisi ya sauti, vilevile. Nikaweka photo ya michoro yangu ya kwanza, ile mubaya, na ya nyuma, ili baone vile nilitembea kutoka moja kwenda ingine. Kingereza nikaandika: ya Mokambo. Caissière akaifuta, akaandika: kidogo.

"Na masomo?" nikamuuliza.

"Andika ukweli. Ya tano. Lakini pale chini, kwa maandishi ndogo."

"Ndogo namna gani?"

"Sawa masomo yenyewe."

Karatasi ikakuwa moja tu. Kukabakia fasi mbili zenye zilitushinda. Ya kwanza ilikuwa tarehe. Nilianza kazi mwaka fulani, nilimaliza lini? Mu CV ya bureautique iliandikwa "à ce jour", ni kusema mpaka leo.

"Depo ilifungwa," caissière akasema.

"Patron alisema tungoje."

Aliangalia kufuli. Hakufuta.

Fasi ya pili ilikuwa ya reference, muntu mwenye bataita juu ya kuuliza kama mi ni muntu ao ni muzimu. Sikuwa na mwingine. Tukaita numero ya patron. Ile sauti ya bibi ya mashini ikasema mwenye tunatafuta hapatikane. Caissière alisikiliza mpaka mwisho, sawa vile angekuwa na neno ya kuongeza.

"Weka tu," akasema. "Ni mujomba yangu. Numero ni yake."

Nikaweka. Nikatuma ku email, mu cyber, connexion inaanguka na kurudia. Yaya akauliza: "Baliweka cachet?" Nikamwambia hapana. Akaenda kunitayarishia bulangeti ya ku carrière.

Mwezi ilikuwa karibu kuisha, na safari na shemeji ilipangwa lundi, siku ya kazi ya kwanza, wakati mama mumoja wa ile kampuni aliniita nifike. Kwa mulango sentinelle alinijua. "Farde yako iko salama," akasema. "Hakuna mwenye aliigusa."

Yule mama alikuwa muntu wa kusema kidogo. Karatasi yangu ilikuwa mbele yake, hakuiangalia sana. Aliniuliza: "Hadisi ya sauti. Kama haungeenda Katuba, ungefanya nini?" Nikasema ningeandika maneno ya kukubali kwa herufi kubwa zaidi, na bamama bangeita zaidi. Akanipatia telefone na application yao, akasema nimuambie iko namna gani. Nikamurudishia. Nikamulomba yeye mwenyewe akamate fasi mu bisi ya kwenda Likasi, mi nikakunja mikono, nikanyamaza. Alianza mbio. Kisha akapunguza. Kidole ikasimama hewani, sawa ile ya Katuba.

"Mm," akasema. Akaweka telefone chini. "Tutaita patron wako."

"Hajibu, mama. Iko kule penye vita. Hatujue kama..."

Sikumaliza. Nilisema ile maneno na sauti ya muntu mwenye anataja bei ya tomate.

"Tutaita tu," akasema.

Samedi, siku mbili mbele ya safari, nilikuwa kwa yaya. Bulangeti ilifungwa na kamba. Bunga ya kubeba ilikuwa mu mufuko, ya jogoo, juu ya vile yaya haamini ya njiwa. Shemeji alikuwa anapaka mafuta ku mabuti. Yaya alinipatia chai, nikaiweka mbele yangu, telefone ikalia. Ilikuwa yule mama wa kampuni.

"Tulimuita patron wako asubui. Alijibu."

"Nani alijibu?"

"Patron wako. Tulijaribu siku mingi, leo ikapita. Nilisema tu allo, akaniuliza kama nataka ya njiwa ao ya jogoo."

Shemeji aliacha kupaka mafuta, akaniangalia. Yule mama akaendelea:

"Iko upande ingine ya mupaka, kwa bandugu, na bibi na batoto. Aliniambia tukupashe habari, juu telefone yake inakosa moto ya kuchaji. Alisema we njo ulimupatia amani: bamama baliacha kumuita. Alisema sasa angependa baite." Kisha akaongeza, na sauti ileile: "Ufike lundi. Ni majaribio kwanza."

Nikamushukuru, vile banashukuru ku guichet, ku dirisha ya banki. Nikaita caissière. Nikamwambia mujomba yako iko muzima, na bote bako naye. Nilisikia tu pumzi yake.

"Aliuliza ya njiwa?" akasema kisha.

"Ao ya jogoo."

Akakata. Mi nikakamata kikombe, nikakunywa, nikatema juu ya shati ya misa. Ilinichoma ulimi, kinywa yote, mpaka machozi yakatoka, na yalikataa kuacha.

"Pole," yaya akasema. "Ilikuwa moto, nilizani unajua."

Nikabaambia yote, kwa ulimi ya kuvimba. Shemeji alifunga kopo ya mafuta, akaangalia mabuti, yalikuwa yanangaa.

"Basi haya tufanye nayo nini?"

"Yaache pale," yaya akasema. "Kwanza majaribio iishe."